Mratibu wa klasta

Mratibu wa klasta ni programu inayoamua kazi ipi iendeshwe kwenye kompyuta ipi, wakati gani, na kwa kiasi gani cha prosesa na kumbukumbu, pale programu nyingi zinapogombea mashine zilezile. Klasta ni kompyuta zilizounganishwa kwa mtandao, wakati mwingine kwa maelfu, zikatumika kama mtambo mmoja.

Kugawa kitu cha aina moja si kazi kubwa. Ugumu huanza pale mtumiaji mmoja anapohitaji zaidi prosesa na mwingine kumbukumbu. Mwaka 2011 Ali Ghodsi, Matei Zaharia na wenzao wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walitoa kanuni ya kusawazisha hisa kuu: kwa kila mtumiaji hutazamwa rasilimali anayochukua sehemu yake kubwa zaidi katika klasta, na hisa hizo ndizo zinazolinganishwa. Tuchukue klasta yenye prosesa 9 na gigabaiti 18 za kumbukumbu. Kila kazi ya mtumiaji wa kwanza inataka prosesa 1 na gigabaiti 4. Ya wa pili inataka prosesa 3 na gigabaiti 1. Klasta ikikatwa nusu kwa nusu, wa kwanza ataendesha kazi 2 na wa pili 1 tu. Kwa kanuni hii wanapata kazi 3 na 2: wa kwanza anashika theluthi mbili ya kumbukumbu, wa pili theluthi mbili ya prosesa. Wote wawili wamefaidika, na mashine ni zilezile! Zaidi ya hayo, watafiti hao walithibitisha kwamba anayedanganya kuhusu mahitaji yake hapati nyongeza.

Swali la pili, baada ya lile la kugawa, ni nani mwenye kauli ya mwisho. Mesos, programu ya uratibu iliyozaliwa Berkeley hapohapo na kutumiwa na Twitter, huzipa programu ofa ya rasilimali zilizo wazi, nazo hukubali au hukataa. Kasoro yake ni kwamba programu haioni klasta nzima, hivyo kazi inayohitaji nafasi kubwa huweza kusubiri sana.

Borg ya Google, iliyoelezwa hadharani mwaka 2015, huamua yenyewe kwa kufuata vipaumbele. Huduma inayosubiriwa na watu ikikosa nafasi, kazi ya kipaumbele cha chini huondolewa na kurudishwa kwenye foleni. Kubernetes, iliyotolewa na Google mwaka 2014, huchuja kwanza mashine zisizofaa, kisha huzipa alama zilizobaki na kuchagua yenye alama nyingi.

Katika Kubernetes, mratibu huhesabu kiasi kilichoombwa, si kinachotumika. Timu zikiomba kupita kiasi kwa kuhofia kupungukiwa, mashine huonekana imejaa huku prosesa zake zikikaa bure. Borg hukadiria matumizi halisi, na kuazimisha ziada kwa kazi zinazovumilia kukatizwa. Mwenye ziada akiihitaji, kazi hizo husimamishwa.