Mudeung, Uwanja Mkongwe wa Gwangju

Anayekwenda kutazama besiboli Gwangju, kusini-magharibi mwa Korea Kusini, huishia Champions Field, uwanja mpya uliofunguliwa 2014. Kabla ya kuingia, apite kwanza jirani tu, kwenye uwanja wa Mudeung. Ulifunguliwa 1965, ukapewa jina la mlima wa mji huo, na historia ya Gwangju haisimuliki ukiachwa nje.

Jioni ya 20 Mei 1980, askari wa miavuli walikuwa siku ya tatu wakiwapiga na kuwaua raia waliopinga utawala wa kijeshi. Madereva wa teksi, ambao wenzao walipigwa kwa kuwabeba majeruhi, wakakusanyika Mudeung. Teksi zaidi ya 200 zikajipanga nyuma ya mabasi na malori, taa zikiwaka, honi zikilia, zikaelekea barabara ya Geumnam-no, umati ukizifuata kwa miguu.

Mwaka 1982, chini ya utawala uleule wa kijeshi, ulioongozwa na Chun Doo-hwan, ikaanzishwa ligi ya besiboli ya kulipwa. Timu ya Gwangju ilikuwa Haitai Tigers, mali ya kampuni ya biskuti na peremende. Kama nia ilikuwa kuwasahaulisha watu, Mudeung haikusahau. Pale majukwaani maelfu waliweza kukaa pamoja bila kutawanywa kwa virungu, wakaimba “Machozi ya Mokpo”, wimbo wa majonzi wa mwaka 1935. Wakubwa waliliogopa kusanyiko hilo: kwa miaka mingi, hadi 2000, timu haikucheza nyumbani tarehe 18 Mei, siku ukatili ule wa 1980 ulipoanza.

Na timu yenyewe ilikuwa moto. Chini ya kocha Kim Eung-ryong ilitwaa ubingwa mara 9 kati ya 1983 na 1997. Mrushaji wake Sun Dong-yeol, mtoto wa Gwangju, alimaliza misimu kadhaa akiwapa wapinzani wastani wa chini ya alama 1 kwa mchezo mzima. Hata hivyo ni taji moja tu, la 1987, lililokamilishwa Mudeung. Uwanja ulikuwa mdogo, hivyo kanuni zilizipeleka mechi za mwisho za fainali Jamsil, Seoul. Huo, kwangu, ulikuwa uonevu kwa mashabiki walioilea timu hiyo.

Mgogoro wa uchumi wa 1997 uliiangusha Haitai. Kia ikainunua timu 2001, nayo ikacheza Mudeung hadi 2013. Taji la 12, la 2024, lilitwaliwa Champions Field: la kwanza kukamilishwa Gwangju tangu 1987.