Taa ya Mji Mkongwe na Chura wa Kihansi

Aliyekuwepo Unguja Desemba 2009 haelezwi giza ni nini. Umeme wetu, unaovuka bahari kwa waya wa kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba tangu 1980, ulikatika, ukarudi Machi 2010. Miezi mitatu! Mji Mkongwe ukarudi kwenye kandili na mishumaa, majenereta yakinguruma vichochoroni.

Giza lile ndilo lililonifanya niulize swali la kitoto: huu umeme hasa unatoka wapi? Unatoka kwenye gridi ya bara, na mojawapo ya vituo vinavyoilisha ni Kihansi, milima ya Udzungwa, megawati 180. Na Kihansi kuna chura.

Wengi tunamjua kwa kumcheka. Eti serikali inahangaika na vyura! Hata mimi nilicheka. Lakini historia yake si ya kuchekesha. Wanasayansi walimkuta mwaka 1996, bwawa likiwa tayari njiani. Ni mdogo, hafiki sentimita tatu, rangi ya dhahabu, hatagi mayai bali huzaa watoto. Makazi yake yote duniani yalikuwa hekta chache kando ya maporomoko, zilizoloweshwa na manyunyu ya maji saa zote. Mwaka 1999 Kim Howell wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake wakamtangaza kwa jina la kisayansi. Mwaka huohuo mitambo ikaanza kazi, na karibu asilimia 90 ya maji yakaacha maporomoko.

Mwishoni mwa 2000 vyura 499 wakapandishwa ndege kwenda Marekani, wawe akiba. Bondeni yakafungwa mabomba ya kunyunyiza maji, na vyura wakaongezeka. Juni 2003 walikadiriwa kufika kama 20,000. Januari 2004 wakaonekana watatu tu.

Kumbe fangasi alikuwa ameingia. Anaitwa kitridi. Chura hunywa maji na kusawazisha chumvi za mwili kupitia ngozi. Fangasi huyu huivuruga ngozi hiyo, chumvi hupungua, mwisho moyo husimama. Utafiti wa 2018 ulikifuatilia chanzo chake hadi Asia ya Mashariki, na biashara ya vyura ikatajwa kuwa ndiyo iliyomtawanya. Mwingine wa 2019 ulihesabu aina 501 za amfibia duniani zilizopungua kwa sababu yake, 90 kati yao zikidhaniwa zimetoweka kabisa. Nani alimfikisha Kihansi? Hakuna aliyethibitisha. Kinachouma ni kwamba viatu na vifaa vya waliokwenda kusaidia vimo kwenye orodha ya vinavyoshukiwa. Tena makazi yalikwisha dhoofika kwa kukosa maji. Kwa hiyo tusimtupie fangasi lawama zote.

Mwaka 2009 chura huyu alitangazwa ametoweka porini. Nasi mwaka huohuo, kwa bahati tu, tukaingia gizani.

Akiba nayo ilikuwa nusura iishe: kule Marekani walibaki kama 70. Watunzaji wa bustani za wanyama za Bronx na Toledo wakajifunza, kwa makosa mengi, mwanga na chakula gani vinamfaa, mpaka wakazaana tena. Agosti 2010, miezi mitano baada ya taa zetu kuwaka, vyura 100 wakarudi maabara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Desemba 2012 wengine wakaachiwa bondeni kwao.

Fangasi bado yupo duniani na hana chanjo iliyozoeleka. Kazi iliyobaki ni ya subira: kupangusa ngozi ya chura kwa pamba, kupima, kutibu walio maabara, kusafisha viatu. Na kuhakikisha mabomba hayakauki.

Siku hizi nikimsikia mtu barazani anawacheka vyura wa Kihansi, humuuliza tu: hiyo taa yako, maji yake yalikuwa ya nani?