Chumba Kimoja kwa Vyuo Vingi: Mafunzo ya Semikondakta Pennsylvania tangu 1998

Karakana ya semikondakta ina tatizo ambalo karakana ya useremala haina: hewa. Chembe ya vumbi isiyoonekana kwa macho yaweza kuharibu saketi nzima, ndiyo maana kazi hufanyika katika chumba safi, ambacho hewa yake huchujwa usiku na mchana. Chuo kidogo cha ufundi hakimudu kukijenga. Kikifadhiliwa kukijenga, hakimudu kukiendesha, na gharama hii ya pili ndiyo husahauliwa na wapangaji.

Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1992 ilielekeza fedha za Wakfu wa Taifa wa Sayansi kwenye vyuo vya miaka miwili, lakini hazikuweza kukipa kila chuo chumba chake. Jimbo la Pennsylvania liliamua mwaka 1998 kwamba vyuo vitumie kwa pamoja maabara iliyokwisha kuwepo Penn State. Mwanafunzi alisoma misingi chuoni kwake, kisha akahamia huko kwa muhula mmoja wa kozi sita.

Muhula huo ulilenga stadi ambazo kitabu hakizitoshelezi. Kisahani cha silikoni kitokapo tanurini, rangi ya uso wake humwonyesha fundi sanifu unene wa tabaka la oksidi. Taa za chumba cha kuchorea saketi huwa za njano, kwa kuwa mwanga wa buluu huharibu utando unaopokea mchoro. Asidi ya hidrofloriki yaweza kupenya ngozi kabla maumivu hayajasikika; tahadhari yake hujengwa na mazoea ya mikono.

Mpango huo uliviokolea vyuo fedha, ila gharama haikutoweka: sehemu yake ilihamia kwa mwanafunzi. Mwenye watoto, au mwenye kibarua karibu na nyumbani, si mwepesi wa kuhama muhula mzima. Kituo cha kitaifa kilichoanzishwa Penn State mwaka 2008 kilieneza baadaye matumizi ya hadubini za elektroni kupitia intaneti. Safari zilipungua kwa upande wa upimaji. Kwa upande wa tanuri na asidi, hazikupungua.

Mei 2024 Marekani ilitangaza nia ya kushirikiana na Kenya kupitia mfuko wa kimataifa uliotokana na sheria yake ya chipu ya 2022. Ushirikiano huo ukivifikia vyuo vya ufundi, bajeti ya mashine itahitaji kuandamana na ya nauli na malazi.