Mpira Usiofikiwa: Historia ya Kuwapima Walinzi wa Besiboli na Kriketi

Mlinzi wa ndani katika besiboli husimama karibu na vituo ambavyo mpigaji hukimbilia. Kazi yake ni kuuzoa mpira unaoviringika chini na kuutupa kabla mkimbiaji hajafika. Marekani imekuwa ikiihesabu kazi hiyo tangu karne ya 19, kwa vitu vitatu: wapinzani aliowatoa mwenyewe, wale aliochangia kuwatoa kwa kumtupia mwenzake mpira, na makosa. Viwili vya kwanza hujumlishwa, kisha hugawanywa kwa jumla ya vyote vitatu, na hapo hupatikana kiwango cha usahihi.

Kasoro ya kipimo hicho ingetambuliwa upesi na mkulima wa chai wa Nyansiongo, Kenya. Mizani ya kituo cha kununulia chai hupima majani yaliyofikishwa. Yaliyoachwa shambani kwa sababu mchunaji hakufika mistari ya mwisho hayaonekani kwenye risiti. Vivyo hivyo, mlinzi mzito asiyeufikia mpira haandikiwi kosa, ilhali mwepesi anayejirusha akaugusa na ukamponyoka huenda akaandikiwa.

Katika miaka ya 1970, Bill James, aliyekuwa akilinda kiwanda cha kusindika maharagwe huko Kansas, aligeuza swali. Badala ya makosa, alihesabu wapinzani ambao mlinzi alishiriki kuwatoa kwa kila mchezo. Walioufikia mpira mara nyingi walianza kuonekana, ingawa kipimo hiki nacho kilimpendelea yule ambaye timu yake hupigiwa mipira mingi ya chini.

Umuhimu wa suala hili unajitokeza pale maisha mazima ya mchezaji yanapopimwa. Ozzie Smith alicheza kati ya kituo cha pili na cha tatu kuanzia 1978 hadi 1996, na kiwango chake cha usahihi kilikuwa 0.978. Derek Jeter wa New York, aliyecheza nafasi hiyohiyo kuanzia 1995 hadi 2014, alipata 0.976. Kwa hesabu ya zamani walikuwa karibu sawa. Hata hivyo, Smith alitoa pasi 8,375 za kuwatoa wapinzani, rekodi ya nafasi hiyo, naye Jeter, katika vipimo vilivyotumia picha za video kuanzia 2003, alionekana kuigharimu timu yake zaidi ya mikimbio (yaani alama) 100. Vipimo hivyo, ambavyo John Dewan alikuwa mmoja wa waanzilishi wake, huangalia kila mpira ulikopigwa na uwezekano wa kuufikia.

Tuzo ya Glavu ya Dhahabu ya walinzi bora, iliyoanzishwa 1957, haikusaidia sana kuwatenganisha. Smith alishinda 13, haki yake. Jeter akapewa 5. Mwaka 1999 tuzo hiyo ilimwendea Rafael Palmeiro, aliyekuwa amecheza ulinzi wa kituo cha kwanza michezo 28 tu msimu huo. Sifa ya jina ilitosha. Tangu 2015 vifaa vya kufuatilia mpira na wachezaji vimefungwa katika viwanja vyote vya ligi kuu, na kuanzia 2020 walinzi wa ndani wanapimwa hata kwa umbali waliokimbia na muda waliokuwa nao.

Afrika Mashariki besiboli bado ni changa. Vijana wa Lugazi, Uganda, walifika Williamsport, Marekani, mwaka 2012 na kuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali za dunia za watoto. Mchezo wa Kenya ulio karibu zaidi nayo ni kriketi, ambayo kumbukumbu zake za ulinzi ni finyu zaidi. Tarehe 29 Februari 1996 huko Pune, India, Kenya ilifunga mikimbio 166 kisha ikawatoa West Indies kwa 93. Kadi ya mchezo inaonyesha kuwa Brian Lara, mpigaji wa West Indies, alidakwa na mlinda wiketi Tariq Iqbal. Haina safu ya mipira iliyoponyoka, wala ya mikimbio iliyookolewa na walinzi.

Steve Tikolo alidaka siku hiyo, na mwaka 2003 aliiongoza Kenya hadi nusu fainali ya Kombe la Dunia. Mipira aliyodaka imehesabiwa yote; ile aliyoizuia isifike mpakani haimo katika takwimu zake.