Kope za Tippu Tip

Shangani, mjini Unguja, karibu na Africa House, ipo nyumba ya Tippu Tip, yenye mlango mkubwa wa nakshi na ngazi za marumaru nyeusi na nyeupe. Nilipokuwa nasomesha historia nikiwapeleka wanafunzi pale, na kila mwaka swali lilikuwa hilo hilo: "Mwalimu, kwa nini aliitwa Tippu Tip?"

Mwenyewe, Hamed bin Muhammed el-Murjebi, alishikilia kuwa ni mlio wa bunduki zake, tip, tip, watu wakitimua mbio. Bibi yangu akisikia hayo hucheka. Kwake yeye mtu alikuwa akipepesa kope, basi, wakampachika jina. Nami niko upande wa bibi. Jina la kejeli hupewa na wenzio. La sifa mara nyingi umejitafutia.

Bunduki alikuwa nazo kweli, na aliua nazo wengi. Ila Utetela, nchi ya huko Kongo, aliipata kwa ulimi. Alikwisha kusikia kwamba Kasongo Rushie, mtawala mzee wa huko, dada zake walitekwa vitani zamani wasirudi. Hamed akajitokeza: bibi yangu mimi ndiye huyo dada yako. Mzee akampokea mjukuu, akamwachia na enzi. Katika maisha yake aliyoyaandika kwa Kiswahili, Hamed anayasimulia haya bila haya, kama mtu anayekueleza alivyopata kiwanja kwa bei ya chee. Lakini huwa najiuliza nani alimlaghai nani. Mjukuu anayekuja na bunduki mia kadhaa, nani atamdai shajara ya ukoo?

Mwaka 1887 ikawa zamu ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Huyu alijinadi Ulaya nzima kwamba anakomesha utumwa Kongo. Kupitia kwa mvumbuzi Stanley akamwajiri Hamed, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, awe liwali wake Stanley Falls kwa pauni 30 kwa mwezi. Mmoja alitaka utulivu, mwingine alitaka cheo. Hapo hata undugu wa kubuni haukuhitajika. Miaka michache baadaye Wabelgiji waliwapiga Waarabu wa Kongo, na Sefu, mwana wa Hamed, akauawa humo.

Mzee mwenyewe alikwisha rudi Unguja. Malaria ilimuua hapa hapa mjini, Juni 1905. Kitabu chake si kirefu, na Kiswahili chake kinasomeka. Kisome kwanza, ndipo uje unibishie habari ya kope.