Uhandisi sambamba

Uhandisi sambamba ni utaratibu wa kusanifu bidhaa tata, kama vile ndege, gari au meli, wakati uleule inapopangwa namna ya kuitengeneza kiwandani. Zamani kazi ilikuwa ya kupokezana: wasanifu walimaliza michoro wakaikabidhi kiwandani, na huko ndiko ilikogundulika kwamba bomba limepitishwa penye boriti, au kwamba mkono wa fundi haufiki kwenye boliti. Mchoro ukirudishwa, vifaa vilivyokwisha kuundwa kwa ajili ya sehemu ile hugeuka chuma chakavu.

Mfano mashuhuri ni ndege ya Boeing 777, mradi uliozinduliwa mwaka 1990 nchini Marekani. Kazi iligawiwa timu zaidi ya 200, na ndani ya timu msanifu aliketi na watu wa kiwandani, wagavi na wawakilishi wa mashirika ya ndege. Sehemu zote zilichorwa kwa kompyuta katika CATIA, programu ya Dassault Systèmes ya Ufaransa, hivyo kipande kilichoingilia nafasi ya kingine kilionekana kabla chuma hakijakatwa. Kwa tahadhari, Boeing iliunda mfano halisi wa pua ya ndege. Vipande vilikaa sawasawa, na mifano mingine iliyokuwa imepangwa ikafutwa. Ndege iliruka mara ya kwanza tarehe 12 Juni 1994.

Sifa nyingi huiendea kompyuta, na hapo ndipo historia hii inapopotoshwa, kwa maana programu peke yake haitoshi. Airbus, kampuni ya ndege ya Ulaya, nayo ilitumia CATIA kwa A380, ndege yenye nyaya za kilomita 500 na zaidi. Lakini wahandisi wake wa Hamburg, Ujerumani, walibaki na toleo la nne la programu hiyo, huku wale wa Toulouse, Ufaransa, wakiwa na la tano, na mabadiliko ya mchoro hayakupita vizuri kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Tena, baadhi ya nyaya zilikuwa za alumini, ambayo haikubali kukunjwa kama shaba. Mafungu ya nyaya kutoka Ujerumani yalipofika Toulouse kufungwa, mengine yalikuwa mafupi, hayafiki kwenye viunganishi.

Mwaka 2006 Airbus ilitangaza ucheleweshaji wa A380, na thamani ya hisa za kampuni mama, EADS, ikaanguka kwa takriban robo katika siku moja. Mafundi wa Ujerumani walipelekwa Toulouse kurekebisha nyaya kwa mikono, ndege moja baada ya nyingine. Mteja wa kwanza, Singapore Airlines, alikabidhiwa ndege yake Oktoba 2007.