Ruzuku na Madhehebu katika Shule za Fizi

Katika pwani ya Ziwa Tanganyika upande wa Kongo, huko Fizi, kuanzia Baraka hadi Kazimia, elimu haikuwahi kutengana na dini, wala dini na hazina ya serikali. Na mwenye kutaka kufahamu kwa nini mzazi wa huko, amwandikishapo mwanawe shuleni, humkabidhi papo hapo kwa kanisa fulani, hana budi kurejea mkataba wa tarehe 26 Mei 1906 baina ya dola ya Kongo ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji na Papa wa Roma, ambao kwao kila misheni ya Kikatoliki iliahidiwa hekta 100 hadi 200 za ardhi kwa sharti la kufundisha.

Mapadri Weupe, wamisionari wa Kikatoliki, walikuwa wamekwisha tangulia, kwani mwaka 1883 walijenga Kibanga, karibu na rasi ya Ubwari, zama ambazo mfanyabiashara Rumaliza wa Ujiji alikuwa na nguvu ziwani. Vyuo vya Kurani, vilivyofuata nyayo za wafanyabiashara Waislamu kama yeye, havikupata ruzuku ya Wabelgiji. Hata Waprotestanti, kwa kuwa misheni zao zilihesabiwa za kigeni, walinyimwa hadi 1948; yaani baba Mprotestanti alitoa kodi sawasawa na jirani yake Mkatoliki, kisha akamsomesha mwanawe kwa sadaka. Dhuluma hiyo haistahili kusahauliwa. Waziri wa Makoloni wa Ubelgiji, Buisseret, alipoanzisha shule zisizo za dini mwaka 1954, aliwaghadhibisha maaskofu, lakini shule zake zilijengwa hasa mijini, mbali na wavuvi.

Baada ya uhuru, Rais Mobutu alizitwaa shule zote mwishoni mwa 1974. Tarehe 26 Februari 1977 akarudisha usimamizi wake kwa makanisa, mishahara ikibaki juu ya serikali. Ndiyo maana hata leo, katika Kivu ya Kusini, mkoa ambamo Fizi imo, kibao cha shule hubeba dhehebu na namba yake: 5e CELPA au 8e CEPAC, ambayo ni madhehebu ya Kipentekoste.

Lakini katika miaka ya 1990 mishahara ilikoma au ikawa haifai kitu, na mzazi akauza ndagala (dagaa) ili amlipe mwalimu "prime", huku ofisi za kanisa na za serikali zikikata fungu lao humo humo. Elimu ya msingi ilitangazwa bure mwaka 2019. Hata hivyo, kanisa bado hupendekeza mkuu wa shule, na mwenye mtoto wa sekondari bado hulipa.